Nesi aliuliza, mgonjwa akajibu, habari ikaishia hapo

Usiku wa tarehe 25 Septemba 2014, saa nne na nusu hivi, raia mmoja wa Liberia aliingia katika kitengo cha dharura cha Hospitali ya Texas Health Presbyterian mjini Dallas, Marekani. Jina lake Thomas Eric Duncan. Alikuwa na homa, kichwa kinamuuma, tumbo linamuuma, na alijisikia kichefuchefu. Siku tano kabla ya hapo alikuwa ametua Dallas akitokea Monrovia, kwa kupitia Brussels na Washington, kuja kuungana na mchumba wake. Nesi alimwuliza maswali, likiwamo la safari. Mgonjwa akajibu kwamba ametoka Afrika. Nesi akaandika jibu hilo kwenye kumbukumbu zake ndani ya kompyuta.

Baada ya saa tano hivi, karibu na alfajiri, mgonjwa aliruhusiwa kwenda nyumbani. Alipewa dawa za antibiotiki na kuambiwa ana sinusaitisi, yaani maambukizi ya matundu yanayozunguka pua.

Alikuwa na Ebola.

Kisa hiki kilitangazwa sana wakati ule, na wengi wanakikumbuka kama habari ya Ebola kufika Marekani. Mimi nakileta leo kwa sababu nyingine. Ukikifuatilia hatua kwa hatua, utaona kwamba swali lililotakiwa kuulizwa liliulizwa, jibu la kweli lilitolewa, na jibu hilo likaandikwa mahali panapostahili. Watu watatu, yaani mgonjwa, nesi na daktari, walikuwa chini ya paa moja kwa saa kadhaa. Bado habari moja iliyokuwa na uzito kuliko nyingine zote haikuingia katika uamuzi wa daktari. Ikiwa jambo hilo liliwezekana katika hospitali kubwa yenye mfumo wa kompyuta na wataalamu wa kutosha, basi sisi tunaobeba daftari la kurasa arobaini kutoka zahanati moja hadi nyingine tuna sababu ya kulitazama kwa makini.

Tuangalie kwanza dalili za tahadhari zilizokuwapo, kwa maana hazikuwa za kufichika.

Mwaka ule Ebola ilikuwa imezishika Guinea, Liberia na Sierra Leone kwa ukubwa usiopata kuonekana. Mpaka mlipuko ule unamalizika mwaka 2016, watu zaidi ya 28,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 11,000 wamefariki. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 8 Agosti 2014. Siku chache kabla ya tangazo hilo, Wamarekani wawili waliokuwa wakitoa huduma Liberia walisafirishwa kwa ndege wakiwa wagonjwa hadi Hospitali ya Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta, na televisheni zikaonyesha safari zao moja kwa moja. Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani, ambavyo wengi tunavijua kama CDC, vilikuwa vimeanza tangu mwishoni mwa Julai kuzikumbusha hospitali kumwuliza kila mwenye homa ametoka wapi. Hospitali ya Dallas iliupata mwongozo huo. Ndiyo maana nesi aliuliza.

Kwa hiyo dalili ya kwanza ilikuwa maneno machache tu: ametoka Afrika, na tarehe aliyofika. Mtu anaweza kusema kwamba Afrika ni kubwa na kwamba neno hilo peke yake halikutosha. Ni kweli. Hata hivyo lilitosha kumfanya mtu aulize swali moja zaidi: Afrika ipi? Angeuliza hivyo, angejibiwa Liberia, na usiku ule wote ungekwenda njia nyingine.

Dalili ya pili naiona nzito zaidi, tena haizungumzwi sana. Duncan alipofika, joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 37.8 za Selsiasi. Hilo ni joto la mtu mwenye mafua. Akiwa bado hospitalini, kabla hajaruhusiwa, kipimo kingine kilionyesha nyuzi 39.4. Joto hilo liliandikwa, na lilikuwapo ndani ya kumbukumbu zake wakati karatasi za kumruhusu zinaandaliwa. Mgonjwa alikuwa anazidi kuumwa mbele ya macho ya watu waliokuwa wakijiandaa kumwambia nenda nyumbani.

Ya tatu ni kwamba maelezo yenyewe hayakukaa sawa. Sinusaitisi inaweza kuumiza kichwa na kuleta homa. Maumivu ya tumbo na kichefuchefu inayaelezaje? Pale mgonjwa anapokuwa na malalamiko manne na jina la ugonjwa tulilochagua linaeleza mawili tu, yale mawili yaliyobaki yanadai maelezo. Kwetu jina linalotangulia ni malaria au taifodi, na mara nyingi tunapata nafuu ya kulipata jina hata kabla ya kupata uhakika. Nasema tunapata, kwa sababu hata sisi tunaokaa kwenye benchi la kusubiri tunapenda kutoka na jina na dawa mkononi, na tunamshukuru anayetupa haraka.

Tarehe 28 Septemba Duncan alirudishwa hospitali ileile kwa gari la wagonjwa, hali yake ikiwa mbaya. Safari hii ndugu waliona hawawezi kuiachia karatasi peke yake. Binti wa mchumba wake ndiye aliyeita gari, na aliwaambia wahudumu mapema kwamba mgonjwa ametoka Liberia. Mpwa wake naye alipiga simu CDC kwa wasiwasi kwamba hashughulikiwi inavyopaswa. Tarehe 30 Septemba vipimo vikathibitisha Ebola, na Duncan akawa mtu wa kwanza kugunduliwa na ugonjwa huo ndani ya Marekani. Alifariki tarehe 8 Oktoba.

Katika siku za kumuuguza, manesi wawili wa hospitali hiyo waliambukizwa. Wote wawili walipona, nashukuru kusema. Watu 48 waliokuwa wamekutana naye, au ambao huenda walikutana naye, kabla hajatengwa walifuatiliwa kwa siku 21, na mchumba wake pamoja na waliokuwa wakiishi nyumba moja naye wakazuiwa wasitoke. Hakuna hata mmoja katika hao 48 aliyeugua. Hilo ni jambo la kushukuru, ila halikutokana na uangalifu wa usiku ule wa kwanza. Mgonjwa alirudi katika nyumba yenye watu, akalala, akala, akahudumiwa na ndugu wasiojua wanahudumia nini.

Je, angepona kama angelazwa mapema? Hakuna awezaye kuapa. Tunachojua ni kwamba wale wawili waliopelekwa Atlanta walipona, na kwamba Duncan alipoteza zaidi ya siku mbili za matibabu katika ugonjwa ambao kila siku ina thamani.

Sasa tufike mahali ambapo kisa hiki kinatufunza zaidi.

Tarehe 2 Oktoba hospitali ilitoa maelezo ya kwa nini habari ya safari haikumfikia daktari. Ilisema mfumo wake wa kompyuta ulikuwa na sehemu ya nesi na sehemu ya daktari, na kwamba swali la safari lilikuwa limewekwa upande wa nesi, kwa lengo la kurahisisha utoaji wa chanjo ya mafua. Kwa mpangilio ule, jibu halikujitokeza lenyewe kwenye ukurasa ambao daktari huutumia. Watu wakapumua. Kosa lilikuwa limepatikana, na lilikuwa la mashine.

Kesho yake hospitali hiyohiyo ikarekebisha maelezo yake. Ikasema mfumo haukuwa na kasoro, na kwamba habari ya safari ilikuwa inaonekana kwa timu nzima ya matibabu, pamoja na upande wa daktari.

Naomba msomaji asiharakishe kupita hapa. Kama maelezo ya kwanza ndiyo ya kweli, basi watu waliununua mfumo, wakaujaza habari, na hawakujua kwamba habari hiyo inaishia kwenye chumba ambacho daktari hapiti. Kama ya pili ndiyo ya kweli, basi habari ilikuwa mbele ya macho na haikusomwa, au ilisomwa na haikusikika. Kwa mgonjwa tofauti ni ndogo. Katika hali zote mbili kuna jambo moja ambalo halikufanyika na ambalo halihitaji kompyuta: hakuna aliyemgeukia mwenzake na kumwambia kwa mdomo, “Huyu ametoka Afrika wiki hii, na homa imepanda.” Jopo huru lililochunguza baadaye liligusa jambo hilohilo, kwamba kilichoandikwa na nesi hakikusemwa kwa daktari. Mganga mkuu wa shirika linaloendesha hospitali hiyo, Dkt. Daniel Varga, aliomba radhi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani tarehe 16 Oktoba na kukiri kwamba ugonjwa haukutambuliwa kama ulivyopaswa. Mfumo wa kompyuta nao ulibadilishwa ili habari ya safari ionekane wazi zaidi.

Nisingependa tumhukumu daktari yule wala nesi yule. Kitengo cha dharura usiku kina kelele, kina wagonjwa wanaoingia pamoja, kina kurasa nyingi za kufungua kwa kila mtu. Aliyeandika anaamini ameshatoa habari. Anayepaswa kusoma anaamini kwamba kama kungekuwa na jambo kubwa, angeambiwa. Kila mmoja anamwamini mwenzake, na katikati ya imani hizo mbili ndipo mgonjwa anapodondoka. Nikijiweka katika nafasi yao sioni sababu ya kujidai kwamba mimi ningekuwa macho zaidi. Mtu yeyote anayeandika kitu na kukiacha mezani yuko hatarini kufanya hivyo.

Upande wa mgonjwa nao una somo, na nitalisema kwa heshima kwa sababu mwenyewe hayupo kujieleza. Siku chache kabla ya kusafiri, Duncan alisaidia kumpeleka hospitali jirani yake mjamzito aliyekuwa mahututi, na mama huyo alifariki baadaye. Hospitali ya Dallas ilieleza kwamba alipoulizwa kama alikuwa karibu na wagonjwa, alijibu hapana. Ndugu zake walisema hakujua kuwa jirani yule alikuwa na Ebola. Alidhani ni matatizo ya ujauzito. Mimi nawaelewa. Mtu mwenye homa, katika nchi ngeni, usiku, hawezi kutegemewa achague lipi katika maisha yake ya wiki iliyopita ni kubwa na lipi ni dogo. Ndiyo maana mgonjwa anahitaji mtu wa pili wa kusema naye, na ndiyo maana swali linatakiwa kurudiwa kwa maneno mengine na mtu mwingine. Wewe unayekwenda hospitali, usiseme “nimeshamwambia yule dada pale mbele.” Mwambie na daktari. Mwambie na anayekuchoma sindano. Atakayekerwa kwa kusikia mara ya pili akerwe.

Kwetu jambo hili haliko mbali. Tarehe 21 Machi 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wa Marburg mkoani Kagera, ugonjwa wa jamii moja na Ebola. Waliougua walikuwa tisa, na sita kati yao walifariki, akiwamo mhudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huohuo. Uganda ilikuwa imetoka kupambana na Ebola kuanzia Septemba 2022 hadi Januari 2023, na ndugu zetu wa Kongo wameuona ugonjwa huo mara nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Katika mikoa ya mipakani watu huvuka kwenda sokoni, msibani na harusini bila kuona kwamba wamesafiri. Ukimwuliza “umesafiri?” atakwambia hapana, kwa kuwa kwake safari ni kupanda basi la kwenda mbali. Ukimwuliza “umelala wapi wiki mbili hizi, na umezika nani?” utapata habari. Wauguzi wa mipakani wanalijua hili vizuri kuliko mimi, na ningefurahi kuona maswali yao ndiyo yanayochapwa kwenye fomu.

Lakini nisilifanye somo hili kuwa la Ebola tu. Wengi wetu hatutakutana na Ebola maishani. Tutakutana na presha, sukari, kifua kikuu, ujauzito, na madaktari watatu wasiojuana.

Chukua mfano ambao uko katika hospitali nyingi za wilaya. Mama mmoja anaishi na virusi vya UKIMWI na anachukua dawa zake kliniki ya CTC. Anameza kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegraviri, ile ambayo kliniki huiita DTG, na afya yake ni nzuri. Kisha anagundulika na kifua kikuu, anaanzishiwa dawa za kifua kikuu, na ndani yake kuna rifampisini. Rifampisini huliharakisha ini kuvunja dawa nyingine. Hupunguza DTG mwilini, na kwa sababu hiyo mwongozo unataka mama huyo aongezewe DTG ya miligramu 50 baada ya saa kumi na mbili, ili aipate mara mbili kwa siku. Hupunguza pia nguvu ya vidonge vya majira na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Kliniki ya kifua kikuu ina kadi yake. CTC ina kadi yake. Uzazi wa mpango wana kadi yao. Majengo yako kwenye kiwanja kimoja, pengine yanatazamana. Mama akionyesha kila kadi kwenye dirisha lake tu, hakuna atakayeona picha nzima, na anaweza kujikuta na virusi vimepanda na ujauzito asioutarajia, wakati kila mhudumu alitoa dawa sahihi kwa ugonjwa wake. Vituo vingi vimeweka utaratibu wa kuunganisha huduma hizi mbili za kwanza, na pale unapofuatwa unaokoa. Pale usipofuatwa, dalili ya tahadhari ni nyepesi kuiona: mgonjwa ana kadi mbili, na anayemhudumia ameiomba moja.

Au mzee wa presha. Kliniki inampa dawa ya kushusha presha pamoja na ya kukojosha. Magoti yanamuuma, anakwenda duka la dawa, anauziwa diklofenaki, na kwa kuwa inamsaidia anaendelea kuinunua miezi mingi. Diklofenaki hupandisha presha na huchosha figo, hasa ikikutana na dawa zile mbili. Kliniki wanaona presha haishuki, wanaongeza dozi. Anayeuza dukani hajui habari za kliniki, na kliniki hawajui habari za duka. Mzee mwenyewe hajaficha chochote. Hakuna aliyemwuliza, “Baba, nyumbani unameza nini kingine?” na yeye haihesabu dawa ya magoti kuwa dawa ya hospitali.

Kuna jambo jingine linaloumiza bila kelele, nalo ni faili jipya. Mgonjwa amesahau kadi, au namba haionekani, au foleni ni ndefu. Anaambiwa afungue faili lingine. Siku hiyo historia yake inaanza upya kama aliyezaliwa asubuhi ile. Mzio wa penisilini uliokuwa umeandikwa kwa wino mwekundu juu ya faili la zamani haupo kwenye jipya. Majina yetu nayo yanasaidia kupoteza: leo ameandikwa Ali Juma, kesho Ally Juma, keshokutwa Juma Ally, na kwa jina la babu halafu bila la babu. Hospitali nyingi za serikali Tanzania sasa zinatumia mifumo ya kompyuta kama GoTHOMIS, na hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo kompyuta nayo ikipewa majina matatu itaamini ni watu watatu. Chagua namna moja ya kuandika jina lako, ile iliyo kwenye kitambulisho, na uishikilie kila unapokwenda. Ukiambiwa ufungue faili jipya, omba kwa upole latafutwe la zamani. Ikishindikana, sema palepale yale ambayo faili la zamani lilikuwa linayajua.

Barua ya rufaa pia tuiangalie. Zahanati huandika, mgonjwa hubeba, hospitali kubwa hupokea. Majibu ndiyo hayarudi. Mgonjwa anarudi kijijini na mkanda wa vidonge na maneno ya kukumbuka, na mganga aliyemtuma analazimika kumwuliza mgonjwa walimwambia nini. Hapo mgonjwa au ndugu yake ana haki na wajibu. Kabla hujatoka wodini, omba karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa ugonjwa, vipimo na majibu yake, dawa ulizoanzishiwa, dawa ulizoachishwa na kwa nini, na siku ya kurudi. Zile za kuachishwa ndizo zinazosahaulika zaidi, na kuna watu wanaomeza ya zamani na mpya pamoja kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba moja imechukua nafasi ya nyingine. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha kampeni yake ya kupunguza madhara ya dawa, kuhama kwa mgonjwa kutoka mikono ya huduma moja hadi nyingine kuliwekwa miongoni mwa mambo matatu ya kushughulikiwa kwanza. Wanaofanya kazi hiyo wanajua ni pale watu wanapoumia.

Nyumbani, kila familia yenye mgonjwa wa muda mrefu iwe na daftari moja lisilobadilishwa kila likichafuka. Ukurasa wa kwanza uandikwe magonjwa ya kudumu, mzio, upasuaji uliofanywa na mwaka wake, na dawa zote pamoja na za dukani na za kienyeji, jina na dozi. Kurasa zinazofuata ziwe za safari za hospitali: tarehe, kituo, namba ya faili, kilichosemwa. Daftari likijaa, ukurasa wa kwanza uhamishiwe kwenye jipya kabla la zamani halijawekwa kando. Piga picha kadi na majibu ya vipimo, na mtu mwingine mmoja wa familia awe nazo kwenye simu yake, kwa maana siku ya kuzidiwa mwenye simu ndiye mgonjwa. Ukishindwa vyote hivi, beba mfuko wa dawa zenyewe. Daktari akimwagiwa mfuko mezani atajua mengi kuliko kwa maelezo ya “vile vidonge vyeupe.”

Na ninyi mlio upande wa pili wa meza, ambao kazi yenu naiheshimu na najua mko wachache, nawaomba mambo machache yasiyo na gharama. Habari yenye hatari isemwe kwa mdomo hata kama imeandikwa, na anayeipokea airudie ili aliyesema ajue imefika. Katika makabidhiano ya zamu, atajwe kwanza yule ambaye hali yake imebadilika, kisha waliobaki. Kabla ya kumruhusu mgonjwa wa homa, joto lipimwe tena na kulinganishwa na la kwanza, na aliyeandika la kwanza aulizwe kama kuna alichokiona. Na yule nesi mdogo, aliyemaliza chuo juzi, apewe ruhusa ya kweli ya kumsimamisha daktari bingwa mlangoni na kusema, “Samahani daktari, kuna neno kwenye fomu sijui kama umeliona.” Penye woga wa vyeo habari hubaki kwenye karatasi.

Limebaki jambo moja gumu, na nisingekuwa mkweli nikiliruka. Watu wengi wanaoficha kadi zao hawafichi kwa uzembe. Wanaogopa. Mwenye kadi ya CTC anajua dirisha lile linatazamana na benchi lililojaa watu wa mtaani kwake. Akiulizwa kwa sauti “unatumia dawa gani?” atasema hatumii, na hapo tumempoteza, kwa sababu hata daktari mzuri ataandika uongo kwa mwandiko mzuri. Mgonjwa ana haki ya kusema, “Naomba nikuambie tukiwa wawili,” na atumie haki hiyo. Siri yake inalindwa na maadili ya kazi, na akivunjiwa anaweza kulalamika kwa mganga mfawidhi. Mhudumu naye asimlazimishe mtu achague kati ya heshima yake na usalama wake. Kabla ya kuuliza dawa, afunge mlango. Kama chumba hakina mlango, avute kiti karibu, ashushe sauti, ndipo aulize.